Ekstensheni ya dramu ya mita 50: kwa taa na redio poa, kwa pampu ya maji angalia kwanza

Wakuu, kama unajenga na unavuta umeme kwa jirani hii inakuhusu. Niliichukua Kariakoo, elfu themanini na tano baada ya kubishana bei mpaka muuzaji akaanza kuniangalia vibaya. Jina la kampuni naliacha maana haya madramu yanafanana yote, rangi ya chungwa, mguu wa chuma, soketi nne za pini tatu, na kitufe chekundu cha kujikata yenyewe ikipata moto. Pembeni imeandikwa 3 x 1.5 mm (yani ndani kuna waya tatu, kila mmoja unene wa milimita mraba 1.5), wati 1000 ikiwa imezungushwa, wati 3000 ikiwa imefunguliwa yote. Hayo maandishi ya wati watu hawasomagi kabisa.

Nianze na uzuri. Mwili wake mgumu, imedondoshwa saiti mara kibao haijapasuka. Soketi zinabana plagi vizuri hazilegei, mkono wa kuzungushia haukwami. Kuchaji simu, taa za usiku, redio ya mlinzi, drili ndogo, vyote freshi. Kama matumizi yako ndo hayo nunua tu usiendelee kusoma.

Shida ilianza kwenye pampu. Pampu ya hosi pawa moja, inavuta maji kisimani kwenda kwenye simtank. Kwa jirani ikichomekwa moja kwa moja inaondoka safi, ukipitisha kwenye hii dramu inaguna tu, mmmmm, haizunguki, na taa ya jirani inafifia. Fundi akaanza "kapasita hiyo braza, kapasita imekufa" (kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka). Kapasita ilikua nzima kabisa, si ndo hiyohiyo iliyokua inaondoka kwa jirani!

Nikatoa multimita, kile kipimo cha umeme. Kwa jirani volti 218. Mwisho wa dramu bila mzigo 218 hiyohiyo, sasa hapa ndo wengi wanadanganyika, wanapima waya ukiwa hauna kazi wanasema umeme upo mzima. Washa pampu uone, ikawa inashuka mpaka 170 na kidogo. Mota ikianza kuzunguka inakula ampia kama mara tano ya kawaida yake, na nguvu yake ya kuanzia inafata mraba wa volti, kwaiyo ukiipa 170 badala ya 230 ya kawaida inabaki na nusu ya nguvu na kidogo. Ikikaa inaguna hivo dakika kadhaa koili inaungua, na pampu ni hela nyingi kuliko waya.

Sasa volti zinaenda wapi? Zinaishia njiani. Waya wowote una ukinzani, yani unabania umeme unaopita, na ukinzani unaongezeka sawasawa na urefu, mita mara mbili ukinzani mara mbili, hakuna ujanja hapo. Na umeme unaenda na kurudi, kwaiyo dramu ya mita 50 ni mita 100 za waya kwenye hesabu. Alafu hiki ndo nataka mkielewe vizuri: kutoka kwa jirani mpaka kisimani kwangu hazifiki hata mita 25, nusu nzima ya waya ilikua imekaa kwenye dramu haifanyi chochote, ila umeme unapita humo humo wote. Waya usioufungua nao unahesabika! Watu tunanunua mita 50 tukijua ni faida, kumbe unabeba na ukinzani wa mita ambazo huzitumii.

Nikapima ukinzani wenyewe. Plagi umeichomoa ukutani, unaunganisha laini na nyutro upande mmoja, unapima upande wa pili (ukimaliza ondoa hicho kiungio jamani, ukisahau ukachomeka utalipua). Gusisha kwanza waya za multimita zenyewe, yangu inasoma 0.3, unaitoa. Nikapata omu 2.3 (omu ndo kipimo cha ukinzani). Kopa halisi ya unene wa 1.5 inayokunjika haitakiwi kuzidi omu 13.3 kwa kilomita, yani kwa mita 100 isome kama 1.3. Hii 2.3 imetoka wapi? Nikakwangua nyuzi kwa wembe, juu rangi ya kopa, ndani nyeupeee. Aluminiamu iliyopakwa kopa. Hapo ndo nyota zilianza kupungua, maana kwenye boksi hakuna sehemu wameandika hivo, na muuzaji alisema "kopa tupu hii bosi".

Nikaikata katikati, upande mmoja nikafunga soketi upande wa pili plagi. Nikapima kipande kimoja kimoja, kila kimoja kinacheza 1.1 mpaka 1.2, nusu ya 2.3 kabisa. Georg Ohm, yule mwalimu wa shule kule Cologne Ujerumani, miaka ya 1820 alikua anafanya mchezo huuhuu wa kupima vipande vya waya vya urefu tofauti na ndo sheria yake ikatokea (volti zinazopotea ni ampia mara omu), sisi tuliikariri sekondari kwa ajili ya mtihani tukaachana nayo. Kwa kipande cha mita 25 pampu ikaondoka, inajivuta kidogo lakini inaondoka, volti zinashuka 190 na kitu. Baadae nikanunua waya wa kopa wa 2.5, mita 25 vilevile, hapo ukinzani ni kama 0.4, na sasa inaondoka kama iko kwa jirani.

Suala la moto nalo. Pampu ikishazunguka inakula kama ampia 5, kwa omu 2.3 hizo ni wati 57 zinazogeuka joto ndani ya waya, ni kama umefungia balbu ya zamani ya wati 60 katikati ya dramu ukaiwasha. Na LUKU ya jirani inazihesabu hizo! Grenda kubwa ya wati 2000 ndo usiseme, joto linaenda kwenye wati 180, na waya ukiwa umezungushwa halina pa kutokea. Kile kitufe chekundu kilishajikata mara kadhaa nikajua kibovu, kumbe ndo kitu pekee kwenye hii dramu kinachofanya kazi yake kwa uaminifu.

Wa sola na nyie msikae kimya. Kwenye volti 12 hali mbaya zaidi, mita 20 za waya wa 1.5 wa kopa halisi, ampia 5, unapoteza volti 2.7. Kwenye 230 huzioni, kwenye 12 taa inakua nyekundu. Hata zile kebo za simu za mita tatu za bei rahisi zinazochaji polepole, ni hayohayo.

Nyota: kwa taa na simu nampa 4 kati ya 5, kwa pampu na grenda 2, na hiyo ya pili ni ya kitufe chekundu. Ukienda dukani pima kwanza umbali wako kwa kamba, ongeza mita mbili tatu basi, afu mwambie muuzaji akukwangulie ncha ya waya uone ndani kabla hujatoa hela. Akikataa duka la pembeni wapo.