Seti ya kuachia mzigo wa roketi: miezi miwili nayo hapa Dodoma

Tulichanga watu wanne, elfu tisini na tano, tukaagiza mtandaoni seti ya kuachia mzigo wa roketi ndogo za utafiti. Duka silitaji. Ndani kulikuwa na mota ya sevo (inayogeuza mkono wake kwa pembe unayoiamuru) ya gramu 9 yenye gia za plastiki, springi, kulabu na mfuniko vilivyochapwa kwa printa ya 3D, na karatasi moja ya maelezo. Mzigo wetu ni kopo la saizi ya soda, gramu 320, lenye vipimajoto na kipima mgandamizo wa hewa. Linatakiwa litemwe roketi ikiwa kileleni, karibu imesimama. Ukichelewa sekunde chache tu, inakuwa imeshashika kasi ya kushuka na parachuti inachanika.

Vifaa vilifika salama na vinaingiana vizuri, hapo sina neno. Kasoro iko kwenye wazo lenyewe. Kulabu imefungwa moja kwa moja kwenye mkono wa mota, na springi inauvuta mkono huo muda wote. Karatasi inasema mota inaweza kuzuia kilo 1.8 kwenye mkono wa sentimita moja. Nikaenda kwa jirani mwenye duka, nikaiminya springi juu ya mizani yake ya sukari: kilo 4. Mkono wa mota una sentimita moja. Yaani wa kilo 1.8 kapewa zamu ya kuzuia kilo 4, na roketi inaweza kukaa kwenye reli ya kurushia nusu saa mkisubiri upepo utulie. Upepo wa Dodoma mnaujua. Jaribio la saba, krrr, gia zikang'oka meno.

Halafu mchana mmoja tukasahau mfuniko kwenye gari lililofungwa, Nzuguni. Ile plastiki ni PLA, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Tuliukuta umepinda kama chapati. Tumechapisha mwingine wa PETG, huo unavumilia.

Kulabu tumeitupa. Sasa mfuniko unazuiwa na pini iliyopita kwenye matundu mawili kimkingamo: springi inasukuma kwenda juu, pini inachomolewa kwa ubavu. Nguvu ya springi inabebwa na pini na ukuta wa bomba, mota mpya inapambana na msuguano tu. Tulipoivuta pini kwa mizani ya kuning'iniza, haikufika kilo moja. Mwanzoni tuliipaka grisi, kosa kubwa, vumbi likaganda humo kama msasa. Sasa tunaisugua kwa risasi ya penseli, basi. Mezani na juu ya mnara wa tenki imefyatuka mara 40 bila kugoma. Kuirusha bado, tunasubiri kibali.

Nyota tatu kati ya tano, na mbili ni za springi, maana ni nzuri kweli. Ukiinunua, usihangaike na kulabu yao.

Pini yenyewe ni spoki ya baiskeli, kipande cha sentimita sita, nilikatiwa na fundi pale Majengo kwa mia tano. Aliuliza ni ya baiskeli gani. Nikamwambia ya kuruka angani. Akasema, "Mwanangu, weka kwanza hela mezani."