Darasa la mkimbio Maisara: wiki tatu za kulipia na moja ya kukataa

Darasa la kurekebisha mkimbio linalofanyika viwanja vya Maisara, mjini Unguja, ni la wiki nne, siku mbili kwa wiki, kwa ada ya shilingi 60,000. Mwanafunzi huonyeshwa video za mabingwa wa marathoni kwa mwendo wa taratibu, hupigwa video yake mwenyewe kwa namna hiyohiyo, kisha hukaa na mwalimu kuamua lipi la kuiga na lipi la kuacha. Anayekimbia kilomita 20 hadi 50 kwa wiki na goti au muundi unamsumbua mara kwa mara atapata zaidi ya alicholipa. Aliyeanza mbio mwezi uliopita asiharakishe. Mwili wake bado unajipanga wenyewe, na video ya leo haitafanana na ya wiki sita zijazo.

Kinacholipa darasa hili uzito ni upigaji wa video. Simu hufungwa kwenye stendi ya miguu mitatu, kwa urefu wa nyonga, mita sita pembeni mwa njia, na haigeuzwi kumfuata mtu. Mkimbiaji hupita mbele yake kwa mstari ulionyooka. Simu huwekwa fremu 240 kwa sekunde, yaani picha mojamoja 240 zinazounda video, na hilo si madoido. Unyayo wa mkimbiaji wa kawaida hukaa ardhini kiasi cha robo ya sekunde. Kwa fremu 30, robo hiyo hupata fremu saba au nane tu, na ile hasa unayoitaka, mguu unapogusa chini, inaweza kupotea baina ya fremu mbili. Kwa fremu 240 unapata 60, na hakuna pa kujificha.

Kabla ya kupita, vipande vya plasta nyeupe hubandikwa sehemu tatu: kwenye mfupa wa nyonga unaotokeza ubavuni, pembeni mwa goti, na kwenye kifundo. Mtu hupasha mwili moto dakika 10, hupita mara sita, na mbili za mwanzo hufutwa. Hapo mwalimu anajua anachofanya, kwa sababu mtu akijua anapigwa picha hujikaza, akatoa kifua na kuinua magoti kama yuko kwenye gwaride. Halafu hutumwa kukimbia kilomita tano na kurudi kupigwa video ya pili, na hiyo ndiyo ya kuamini. Mabega yaliyokuwa chini sasa yamepanda, kiuno kimekaa, na mguu uliokuwa ukitua vizuri umeanza kutupwa mbele.

Fremu tatu ndizo zinazosomwa. Ya kwanza ni mguu unapogusa ardhi: huchorwa mstari kutoka plasta ya kifundo hadi ya goti. Mstari ukisimama wima, au goti likiwa mbele kidogo ya kifundo, hapana shida. Kifundo kikitangulia mbele sana ya goti, mguu unafanya kazi ya breki, na mzigo wa breki hiyo hupokewa na goti na muundi. Ya pili, inayopigwa kutoka nyuma, ni goti linapokuwa limekunjika zaidi likibeba uzito: tazama kama nyonga ya upande wa mguu ulio hewani inazama. Ikizama, udhaifu uko kwenye misuli ya matako ya upande uliosimama, na kubadili raba hakutausaidia. Ya tatu ni kidole gumba kinapoachia ardhi: mguu uende nyuma kutokea nyongani, si kwa kuukunja mgongo wa chini.

Tunalo neno moja hapa. Mwalimu hupenda kusema mguu utue "chini ya mwili". Kama lugha ya kukumbushana inafaa, lakini mtu asiisake kwenye video, maana hataikuta hata kwa mabingwa. Wote hutua mbele kidogo ya nyonga. Kinachowatofautisha na sisi ni udogo wa hicho "kidogo".

Kasoro mbili za upigaji zinahitaji kurekebishwa upesi. Kundi la jioni huanza saa kumi na moja na nusu, jua likiwa linaelekea kuzama. Kwa fremu 240 kila fremu hupata mwanga wa muda mfupi mno, hivyo kigiza kikianza video hujaa chenga na ukingo wa mguu haushikiki. Aidha wanafunzi hukimbilia kumaliza kabla ya Magharibi, na kupasha mwili ndiko kunakokatwa. Kundi la asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, lina mwanga wa kutosha na joto halijawaka. Kasoro ya pili: video ya nyuma hupigwa ukingoni mwa lami, ambako barabara imeinama kuelekea mtaroni. Kila anayepita hapo huonekana nyonga yake moja imezama. Mwambie mwalimu akupige ukienda na ukirudi. Upande unaozama ukibadilika, tatizo ni la barabara na si lako.

Sasa mabingwa wenyewe. Mwalimu huanza na hesabu, na tunampongeza kwa hilo, kwani wengi huanza na kusifu. Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35. Hiyo ni kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 51 hivi, yaani mita 350 kila dakika, kwa kilomita 42.195. Chukua hatua 185 kwa dakika, kiasi cha kawaida kwa watu wa daraja hilo, kila hatua inakuwa na mita 1.89. Mtu wa Maisara anayekwenda kilomita kwa dakika sita hukata mita 167 kwa dakika. Kwa hatua 165, kila hatua yake ni mita moja na sentimita moja. Ukishaiona tofauti hiyo unaacha kuiga mambo yanayozaliwa na kasi. Kisigino cha Kiptum kupanda hadi karibu na tako ni matokeo: mguu unaosukumwa kwa nguvu ile hujikunja wenyewe ili urudi mbele upesi. Anayekipandisha kwa makusudi akiwa kwenye dakika sita huchosha misuli ya nyuma ya paja bure.

Cha kuiga kiko juu ya kiuno zaidi ya chini yake. Mtazame Eliud Kipchoge katika mbio zake za Berlin 2022, alizomaliza kwa 2:01:09. Ziba sehemu ya chini ya kioo cha simu kwa kiganja ubaki na kifua na kichwa. Kichwa hakiyumbi. Mabega yako mbali na masikio. Viwiko vimekunjwa na vinarudi nyuma, wala mikono haivuki mstari wa katikati ya kifua. Taya imelegea. Sasa fanya hivyohivyo kwenye video yako ya baada ya kilomita tano. Mikono inayokatiza kifuani hulazimisha kiwiliwili kizunguke, na kiwiliwili kikizunguka miguu nayo hutua kwa kukaribia kupishana. Mara nyingi kosa la mguu huanzia begani, na ni rahisi zaidi kulishika huko.

Kinachofuata ni mwinamo. Mabingwa huinama mbele kidogo kutokea kwenye vifundo, mwili mzima kama ubao mmoja. Kosa linaloonekana sana ni kuinama kutokea kiunoni: matako yanabaki nyuma, mgongo unakunjika, na mguu hauna budi kutupwa mbele ili mtu asianguke. Zoezi la darasa ni jepesi na linafanya kazi. Simama wima, jiachie uanguke mbele bila kukunja kiuno, na pale mguu unapochomoka wenyewe kukuokoa, endelea kukimbia mita 20. Rudia mara sita.

Darasa linamtumia pia Mwingereza Paula Radcliffe, aliyekimbia London mwaka 2003 kwa 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu hadi 2019, huku kichwa chake kikitikisika njia nzima. Somo hili wasiliache kamwe. Si kila kisichopendeza machoni ni kosa. Kama kitu hakiumizi, hakipotezi nguvu na mtu amekikimbilia miaka mingi, kiachwe.

Kwa Alphonce Simbu tunapingana na mwalimu, na tunampinga tukijivunia. Ushindi wa Simbu katika mashindano ya dunia ya Tokyo 2025, alipompita Amanal Petros wa Ujerumani mstarini, wote wakiandikiwa 2:09:48, unarudiwa darasani mara nyingi mno. Kila Mtanzania anaufurahia. Lakini mita 100 za mwisho zile ni mbio za kufa na kupona: mikono inapanda, goti linapanda, mwili unajirusha. Mkimbio wa marathoni haufundishwi kwa kipande hicho. Watafute vipande vya kati ya kilomita 25 na 35, mtu anapokuwa amechoka lakini bado anajitawala. Na mwanafunzi mfupi ahimizwe kumtafuta Juma Ikangaa, bingwa wa New York 1989 kwa 2:08:01. Kimo chake kinamfaa zaidi kama kioo kuliko cha mtu mwenye miguu mirefu.

Tahadhari nyingine kuhusu video za runinga: nyingi hupigwa kutoka kwenye pikipiki inayokwenda kwa kasi ya wakimbiaji. Kamera ikienda nao, mwendo wa mbele unatoweka na unachobaki nacho ni miguu inayozunguka mahali pamoja. Usipime pembe wala urefu wa hatua hapo. Vipande vilivyopigwa na mtu aliyesimama kando ya barabara, hata kwa simu, vina faida kubwa zaidi.

Wiki ya tatu ni ya idadi ya hatua, na ndiyo wiki bora. Hesabu mguu wa kulia unavyogusa chini kwa sekunde 30, zidisha kwa nne. Ukipata 40, hatua zako ni 160 kwa dakika. Ongeza asilimia tano tu, yaani 168, kwa kasi ileile. Programu ya metronomu kwenye simu itakupigia mlio. Hatua hufupika, mguu hutua karibu zaidi, na mzigo wa goti na nyonga hupungua. Kosa la kawaida ni kuongeza kasi badala ya kufupisha hatua, kwa hiyo tazama saa: kama kilomita iliyokuwa dakika sita sasa ni tano na nusu, hujabadili mkimbio, umeongeza mbio. Anza na dakika moja kwenye kila tano, mara tano, siku mbili kwa wiki. Ile 180 inayotajwa kila mahali ilitokana na mwalimu wa mbio Jack Daniels kuwahesabu wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles 1984, watu waliokuwa mashindanoni kwa kasi ya mashindano. Haikuwa amri kwa mtu wa mazoezi ya asubuhi.

Wengi wa wanafunzi hapa wametoka kwenye vikundi vya mazoezi, na mchakamchaka una tabia yake. Wimbo hupanga hatua za kundi zima, mrefu na mfupi pamoja, na miguu hupigwa chini kwa kishindo ili isikike. Kwa kikundi ni jambo zuri. Kwa mtu anayejiandaa na kilomita 21, kile kishindo ni nguvu inayokwenda juu na chini badala ya kwenda mbele. Mwalimu angelisema hili waziwazi. Kwa sasa analipita.

Wiki ya nne ndiyo tunayoikataa. Kila mtu, awe na shida au asiwe nayo, huambiwa aache kisigino na kutua kwa mbele ya unyayo, kilomita tatu siku ya kwanza. Sababu wanayotoa ni kwamba "ndivyo wanavyokimbia mabingwa". Si kweli hivyo. Katika marathoni ya mashindano ya dunia ya London 2017, ileile iliyompa Simbu shaba, wakimbiaji wengi, wanaume kwa wanawake, walipopigwa picha walikuwa wakitangulia kisigino. Kutua kwa mbele hakuondoi mzigo. Kunauhamisha kutoka gotini na kuupeleka kwenye tafu na kano ya kisigino, na kano hujenga nguvu polepole, kwa miezi. Dalili za kuzidiwa ni kano kukakamaa asubuhi unapoteremka kitandani na maumivu ukiibana kwa vidole viwili. Mwenye sababu ya kubadili aanze na mita 200 mara nne, mara mbili kwa wiki, pamoja na kuinuka kwa vidole ngazini, mara 15 kwa seti tatu. Asiye na sababu aombe wiki hiyo ageuziwe mbio fupi za kuongeza kasi: mita 80 mara sita, kurudi kwa kutembea.

Kuhusu raba, darasa halisemi neno, na ni upungufu. Raba nyingi za mtumba zinazouzwa Darajani zimechakaa soli ya kati ingawa juu zinang'aa. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma. Iliyolala upande mmoja itakulaza na wewe, na video itakusingizia kosa la mtu aliyeivaa kabla yako.

Wanawake wana kundi lao Jumamosi asubuhi, mpigaji video akiwa mwanamke, na video hufutwa kwenye simu ya darasa baada ya kukabidhiwa mwenyewe. Hilo limefanywa vizuri. Kwa vile nguo pana huficha goti na nyonga, wanafunga utepe wa rangi kali juu ya suruali ya michezo, chini kidogo ya goti, na kusoma mguu kuanzia hapo. Nyonga haionekani, lakini fremu ya kwanza, iliyo muhimu kuliko zote, inasomeka sawasawa.

Ukijiandikisha, chagua kundi la asubuhi, nenda na raba unazokimbilia kila siku na si mpya, na omba nakala ya video zote mbili kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya ada. Piga nyingine mwenyewe baada ya wiki nane, mahali palepale, stendi kwa urefu uleule, baada ya kilomita tano zilezile.