Kitunguu cha Mgandini au Slaidi za Tayari: Kipi Kionyeshe Mgawanyiko wa Seli?

Walimu wa baiolojia jijini Tanga hulibishania jambo hili kila mada inapofika. Kwa gharama, kitunguu hakina mpinzani: hununuliwa sokoni Mgandini, huegeshwa juu ya glasi ya maji, na baada ya siku chache mizizi huchomoza. Ncha ya mzizi, milimita moja au mbili tu, hulainishwa kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, hutiwa rangi, kisha hubonyezwa chini ya kioo chembamba. Ukikata juu zaidi, utaona seli zinazorefuka, si zinazogawanyika.

Kwa uhakika, slaidi za tayari, yaani vipande vya kioo vyenye seli zilizokwisha kuandaliwa, hushinda, kwa kuwa hata kwenye ncha hiyo seli nyingi hukutwa bado hazijaanza kugawanyika, na mwanafunzi asiye na subira huona vitone tu. Seli ya kitunguu ina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 16, idadi nyepesi kufuatilia kuliko 46 za binadamu, lakini inapogawanyika hujenga ukuta mpya katikati. Slaidi ya kiinitete cha samaki huonyesha seli ikijibana hadi ikatike, kama zifanyavyo seli za ngozi yetu. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko bei.

Kuhusu utunzaji, slaidi huvunjika na rangi yake hufifia juani. Ukungu wa pwani hushambulia lenzi za hadubini kwa vyovyote vile.

Mwenye vipindi viwili mfululizo na kemikali aanze na kitunguu. Mwenye dakika 40 na darasa lililofurika atafute slaidi.