SQM-L: kifaa cha kupimia giza la anga, baada ya misimu miwili ya matumizi

Kwa misimu miwili ya kaskazi nimekuwa nikitumia Sky Quality Meter aina ya SQM-L, inayotengenezwa na kampuni ya Unihedron ya Kanada, kuwafundisha wanafunzi wa sekondari jinsi taa za mji zinavyolififisha anga la usiku. Ni kiboksi kinachoenea kiganjani, chenye betri moja ya volti 9, lenzi, kitufe na kidirisha cha tarakimu nyekundu. Unakielekeza juu ya utosi, unabonyeza na kusubiri. Mjini jibu huja upesi. Penye giza la kweli huchelewa, na wanafunzi wakaelewa wenyewe kwamba kuchelewa huko ni dalili ya uhaba wa mwanga unaoingia.

Jibu hutolewa kwa magnitudo (kipimo cha mng'ao wa nyota) kwa kila sekunde ya tao ya mraba, yaani kipande kidogo mno cha anga, na hapa mwalimu anahitaji kujiandaa vizuri, kwa sababu hesabu yake huenda kinyume na mazoea: namba ikipanda, giza limezidi. Tofauti ya magnitudo 1 ni badiliko la mwanga la takriban mara 2.5, na magnitudo 5 ni mara 100 kamili. Anga lisiloguswa na taa, usiku usio na mwezi, hukaribia 22. Juu ya paa la shule yetu Dar es Salaam tulipata 18.1, na ufukweni Pangani 21.4. Mwanafunzi mmoja aliiona tofauti hiyo kuwa ndogo, mpaka tulipoikokotoa ubaoni tukakuta kwamba anga la kwetu linang'aa karibu mara 21 kuliko la Pangani.

Hata hivyo, namba pekee haimgusi mtu asiyejua alichopoteza. Ndiyo maana kila kipimo tulikiambatanisha na zoezi la kuhesabu kwa macho nyota za Kilimia, kundi ambalo wakulima wa pwani walilifanya kalenda yao, wakatuachia msemo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Pangani wengi walihesabu sita, na wenye macho makali saba. Dar es Salaam walipata tatu au nne, na baadhi yao walikuwa hawajawahi kuambiwa jina la kundi hilo. Kwa maoni yangu kifaa hiki kisipelekwe darasani bila zoezi la namna hiyo.

Vipimo vyetu tuliviwasilisha kwa mradi wa Globe at Night, ambao tangu mwaka 2006 umekuwa ukikusanya taarifa za anga kutoka kwa watu wa kawaida. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 kwa kutumia taarifa za mradi huo za miaka ya 2011 hadi 2022 ulikadiria kwamba mng'ao wa anga uliongezeka kwa asilimia 9.6 kwa mwaka, lakini taarifa nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini, na za Afrika zilikuwa chache mno. Kipimo kimoja cha Pangani kina uzito kuliko mtoto aliyekichukua anavyodhani.

Mipaka ya kifaa ni ya kuzingatiwa. Lenzi hukusanya mwanga kutoka eneo la nyuzi 20 hivi, kwa hiyo taa ya barabarani iliyo kando haivurugi sana kipimo, ila usisimame chini yake wala karibu na mti. Mawingu hupotosha kila kitu, kwa kuwa mjini huongeza mng'ao ilhali kijijini huongeza giza. Tena kifaa hakitofautishi rangi: mji ukibadilisha taa za sodiamu za manjano kwa LED nyeupe, macho yanaweza kuona badiliko ambalo namba haikuonyesha ipasavyo. Aina hii pia haihifadhi vipimo, hivyo daftari lenye tarehe, saa na hali ya mawingu ni la lazima.

Bei inazidi dola 100 kabla ya usafirishaji, kiasi kizito kwa shule moja ya serikali. Sisi tulichanga na shule jirani mbili, na kwa kuwa siku zinazofaa ni zile tu zisizo na mwezi, tumegawana usiku bila kugongana.