Kliniki ya sheria ya bure mtaani: nimeenda mara mbili, haya ndio maoni yangu

Nilienda mara ya kwanza juu ya shosho mmoja wa ploti yetu. Yeye hukaa karibu na stage na bakuli, miguu haimruhusu kufanya kazi tena, sasa asubuhi moja askari wakambeba kwa lori pamoja na wamama wa ndizi, akarudi jioni baada ya ploti nzima kuchanga faini. Na hakuna mtu alituambia kosa lilikuwa gani, huyu anasema uzururaji, huyu anasema kuomba, mwingine anasema hiyo sheria ilikufa zamani.

Kliniki iko kwa ukumbi wa kijamii huku Eastlands, Jumamosi asubuhi, hulipi kitu, unachukua namba unaketi. Kabla ya kuanza kuita watu mmoja mmoja wanafundisha kama saa moja hivi na kusema ukweli hiyo saa ndiyo ilinishika.

Yule wakili alianza mbali sana. Akasema Uingereza mwaka wa 1601 walitunga sheria ya maskini, kila parokia inatoza wenye mali kodi ya kulisha maskini wake, halafu 1662 wakaongeza kwamba ukihamia parokia nyingine na uonekane utakuwa mzigo, unarudishwa kwenu. Akanyamaza kidogo akauliza, wazee wangu, hiyo inawakumbusha nini? Mzee mmoja kule nyuma akasema "kipande", ile pasi Mwafrika alilazimishwa kubeba enzi za mkoloni, na ukumbi wote ukatulia. Kwa sababu wakoloni walipokuja huku ile sehemu ya kushika mtu na kumrudisha reserve, kule Waafrika walitengewa waishi, walikuja nayo, ile ya kumlisha wakaiacha kwao. Niliumia kusikia hivyo, lakini nilielewa kwa nini shosho alipandishwa lori.

Sasa kule kwao huo mfumo waliumaliza 1948, na bado 2013 bunge lao likakaa likafuta sheria zaidi ya 800 zilizoisha kazi kwa mpigo mmoja, zingine ni za misaada ya maskini wa parokia moja tu ambazo hakuna mtu alikuwa anazikumbuka. Sheria haiozi yenyewe, lazima mtu aitafute aitoe. Ya kwetu ya uzururaji ilitolewa 1997, hiyo ni kweli, lakini kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 182, kukabaki kosa linalohusu mambo ya kuomba, ndio unasikia watu wanabishana kwa stage na kila mtu ana nusu ya ukweli. Na 2020 Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu kule Arusha ilisema sheria za aina hii zinavunja haki za watu. Mimi nimekaa Nairobi miaka yote hii sijawahi kusikia hilo mahali popote!

Ilipofika namba yetu tulihudumiwa na kijana msaidizi wa sheria, mpole sana, alimwita shosho "mama" na akamngoja amalize kuongea. Akamweleza Katiba ya 2010 kifungu cha 43 kinasema serikali itamsaidia mtu asiyeweza kujitegemea, sio kumshika. Halafu akamuuliza miaka. Sabini na nne. Na hajawahi kuandikishwa Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya elfu mbili kwa mwezi ya wazee wa kuanzia miaka 70. Akatuandikia kwa karatasi tupitie kwa chifu, beba kitambulisho.

Mabaya yapo. Walichelewa karibu saa nzima na kuna wazee walikuwa wametoka asubuhi bila chai. Unaeleza shida yako kwa meza na foleni inasikia kila kitu, hiyo si sawa, waweke hata pazia. Na kile kikaratasi wanagawa chote ni Kizungu, hiyo nimewaambia usoni, shosho alikikunja akaweka kwa kitambaa kama kitu cha maana na hawezi kusoma hata mstari mmoja.

Nawapa nyota nne. Ukienda beba kitambulisho na karatasi yoyote uliyopewa kortini, hasa risiti ya faini, sisi tulikuwa tumeiacha nyumbani ndio ikabidi turudi Jumamosi nyingine.