Fundi bunduki wa Dodoma aliyenikatalia .375: uzoefu wangu

Jina la fundi siweki hapa, wala mtaa wake. Karakana yenye silaha za watu haitangazwi hovyo. Anayemtaka aulize kwa wauzaji wa silaha wenye leseni, au polisi wa wilaya. Fundi asiye na kibali cha kazi hiyo, hata awe stadi vipi, atakuingiza matatani chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015.

Bunduki yenyewe ni Mauser 98, bunduki ya Kijerumani ya bolti, ya risasi za kipimo cha .30-06, niliyorithi kwa marehemu baba na kuhamishiwa leseni kihalali. Mtutu ulikuwa umeliwa na kutu ndani, kitako kimepasuka. Nilitaka iundwe upya: mtutu mpya, kitako cha kipimo changu na darubini. Na kwa kuwa mtutu ungebadilishwa hata hivyo, nikataka uwe wa .375 H&H, risasi nene zaidi ya wanyama wakubwa, maana kwa nyati watu wa pori wanakuambia uanzie hapo.

Fundi wa kwanza, wa mji mwingine, alisema "inawezekana bosi" kabla sijamaliza kueleza. Sikumwachia bunduki.

Huyu wa Dodoma alianza kwa kudai leseni. Akalinganisha namba na iliyogongwa kwenye chuma, akachomoa bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia nyuma ya mtutu), akakaa nayo dirishani muda mrefu bila kusema kitu. Kisha: "Mwanangu, .375 sikufanyii. Kwanza leseni yako imeandikwa .30-06. Pili, risasi hiyo haiingii humu mpaka niile bodi, chuma kinachobeba mtutu na bolti."

Akanionyesha. Risasi ya .375 H&H ina urefu wa karibu milimita 91, ya .30-06 karibu 85, na magazini ya Mauser ya kawaida ilitengenezwa kwa risasi fupi ya kijeshi. Ili ile ndefu ikae, lazima ukate chuma mbele na nyuma. Chuma cha mbele ndicho kinachobeba jino la chini la bolti baruti inapolipuka. Unaweza kupiga muda mrefu usione tatizo, huku jino linajichimbia nafasi kidogo kidogo. Zipo Mauser za bodi ndefu zilizotengenezwa kwa risasi za aina hiyo, ila bei yake ni habari nyingine. Kwangu mimi ninayewinda pofu na ngiri upande wa Manyoni, .30-06 inatosha kabisa. Hapo hapo nikajua kazi ataifanya yeye.

Mtutu uliagizwa kupitia muuzaji mwenye leseni. Kusubiri vibali kulichosha, lakini hilo si kosa la fundi. Ulipofungwa alinikagulia chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, mbele yangu kwa vipimo viwili vya chuma: kwa kimoja bolti inafunga, kwa kingine inagoma. Ikifunga kwa vyote viwili, chemba ina nafasi kupita kiasi na ganda linaweza kupasuka. Fundi asiye na vipimo hivyo, mimi simpi mtutu wangu.

Kitako ndipo ufundi wake ulipoonekana. Alitumia ubao wa mninga uliokuwa umekaa darini kwake miaka, umekaukia hapa hapa Dodoma. Kitako kilichochongwa pwani kwa mti wenye unyevu, ukikileta huku kiangazi, kinasinyaa, skrubu zinalegea na shabaha inahama. Alikalisha bodi juu ya epoksi, akauacha mtutu usiguse mti. Noti ya elfu kumi inapita chini yake mpaka karibu na chemba. Siku ya kunipima aliniambia nije na koti ninalovaa porini. Msimu unafunguliwa Julai, na asubuhi za Julai huku, kwa upepo ule, hakuna anayewinda kwa shati. Unene wa koti tu unabadilisha jinsi kitako kinavyokaa begani.

Tulipoijaribu kwenye uwanja wa shabaha, mita 100, risasi tatu zilikaa ndani ya sentimita 3 hivi. Bunduki ya umri huu, mimi nimeridhika.

Sasa kasoro. Simu hapokei, lazima uende mwenyewe. Ukimuuliza itakuwa tayari lini anajibu "ikiisha nitakuita", na akishasema hivyo usimsukume, hasikii. Michoro ya kushikia mkono upande wa kushoto haijalingana na ya kulia. Nilipomwonyesha akasema nyati haangalii michoro, nikamkumbusha kuwa nyati ni yeye mwenyewe aliyenikatalia. Tukacheka, lakini hakurekebisha. Risiti aliiandika baada ya kuombwa mara mbili. Na gharama yote, mtutu ukiwemo, ilinila bei ya madume mawili ya ng'ombe wa Mpwapwa yaliyonona.

Bunduki nyingine ya mzee, shotigani, ina kifyatulio kinachokwama. Nitampelekea yeye baada ya msimu, na safari hii nitadai risiti kabla sijatoa hela.