Karakana ya kompyuta za zamani, Moshi: husoma kumbukumbu za kerneli kabla ya kukuuzia kadi

Karakana hii ya karibu na stendi kuu ya mabasi haina hata bango la maana, lakini kwa yeyote ambaye kazi yake bado inategemea kompyuta ya zamani, naipa nyota nne kati ya tano. Niliwapelekea mashine ya Pentium III inayopokea vipimo vya mzani wa kahawa kupitia tundu la siriali. Tangu iwekewe Linux mpya, kila mtandao ulipowashwa kibodi ya USB iliganda. Duka jingine lilikuwa limeshaniuzia kadi mpya ya mtandao, kisha likaweka amri ya irqpoll, ambayo ilirudisha uhai lakini mashine ikawa inajikokota, kwa kuwa kila intarapti (ishara ambayo kifaa huitumia kuomba kuhudumiwa) isiyo na mwenyewe huilazimu kerneli, yaani kiini cha Linux, kuwapitia madriva wote, zile programu zinazoendesha vifaa.

Fundi wa hapa hakuanza na bisibisi. Alifungua kumbukumbu za kerneli, yaani rekodi za matukio yake, akanionyesha mstari unaosema kwamba intarapti namba 11 imezimwa, hatua ambayo kerneli huichukua pale ambapo katika intarapti 100,000 zaidi ya 99,900 hazijatambuliwa na driva yoyote. Katika /proc/interrupts, faili linaloonyesha hesabu ya intarapti kwa kila namba, driva ya kadi ya mtandao ilikuwa inasubiri kwenye namba 10, na hesabu yake ilibaki sifuri, huku ile ya namba 11, inayotumiwa na USB, ikipanda kwa kasi. Kadi ilikuwa nzima; jedwali la ACPI, linaloieleza kerneli jinsi vifaa vilivyopangwa, lililomo kwenye baiosi (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ndilo lililoitaja njia ya intarapti isiyo sahihi.

Tiba ilikuwa amri moja, acpi=noirq, inayoiambia kerneli iache ACPI katika suala hili na isome jedwali la kale la $PIR, ambalo baiosi huliweka kati ya anwani 0xF0000 na 0xFFFFF, likieleza kila mlango wa PCI, unakochomekwa kadi, umeunganishwa na waya upi wa mazabodi. Mwingine angeishia hapo. Yeye aliingia pia kwenye baiosi akaitengea siriali intarapti namba 4 peke yake, kwa sababu kadi za PCI hushirikiana waya mmoja na hushikilia ishara mpaka zihudumiwe, ilhali siriali ya mtindo wa ISA, mfumo uliotangulia PCI, hutoa ishara ya mpigo na haipendi ubia. Kwa mpangilio uliorithiwa kutoka IBM PC/AT ya 1984, wenye vidhibiti viwili vya intarapti aina ya 8259A na njia 15 tu zinazotumika, kugawa namba kwa uangalifu namna hii si anasa.

Bei ilikuwa ya haki, na nilitozwa ufundi peke yake. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu hawakuniandikia mabadiliko waliyoyafanya mpaka nilipodai. Betri ya baiosi ikiisha, ile namba 4 itapotea na fundi mwingine hatajua aanzie wapi. Ukienda, peleka mashine ikiwa na kadi zake zote kila moja kwenye mlango wake, maana ukiihamisha hata moja, njia ya intarapti nayo huenda ikabadilika.